Mabati ya Kanisa la Kijijini kwa Mama

Papa, baba yangu, alizikwa nyuma ya nyumba, kati ya jiko na mpapai, kwa sababu siku zile hakuna aliyeweza kufika makaburini. Majeshi mawili ya kigeni yalikuwa yanapigana ndani ya Kisangani kama watu wanaogombania shamba lisilo lao, na bomu lilimkuta papa akifunga dirisha. Hatukupata padri wala wimbo. Jirani alitusaidia kuchimba, kisha akakimbilia kwake.

Bunduki ziliponyamaza, mama alikuwa na neno moja tu: papa asomewe misa katika kanisa walimofungia ndoa. Kanisa hilo liko kijijini kwao, upande wa Bengamisa, la matofali mekundu, lilijengwa na mapadri wazungu enzi za babu yake. Wanaume wa kijiji ndio waliofyatua yale matofali na kuyavusha kinamasi vichwani mwao. Mama alilizungumzia kanisa lile kama watu wengine wanavyozungumzia ukoo wao.

Shule niliyokuwa nafundisha ilikuwa imefungwa, kwa hiyo nilimsindikiza. Vijana wa toleka walitubeba kwenye baiskeli zao mpaka karibu na kizuizi cha askari, wakatushusha. Hapo barabarani wanawake walikuwa wananyang'anywa mizigo, na mengine zaidi ya mizigo. Mama alikuwa amebeba mishumaa na mfuko wa chumvi, zawadi ya kumpa mdogo wake anayekaa kijijini, mjomba wangu niliyemwita tonton. Chumvi wakati ule ilikuwa adimu kama dawa. Basi tukaiacha barabara, tukaingia njia ya zamani ya kinamasini.

Tulivua viatu. Maji yalikuwa meusi na ya baridi, yakitufika magotini, na chini yake mizizi ya miwale ilikuwa inateleza kama samaki. Pale palipokuwa na magogo ya kukanyagia zamani, mengi yalikuwa yameoza, kwa kuwa hakuna aliyeyabadilisha tangu vita vianze. Mama alitangulia, fimbo mkononi, akijaribu tope kabla ya kuweka mguu. Katikati ya njia alinionyesha mahali papa alipoteleza siku ya arusi yao. Aliingia kanisani na suruali ya tope, akaapa vile vile. Mama alicheka alipokuwa anasimulia. Sikuwa nimemsikia akicheka tangu tumzike papa.

Tulipotoka kwenye miwale tuliliona kanisa, na mama akasimama. Kuta zilikuwepo, msalaba ulikuwepo, lakini paa halikuwepo. Ndani majani yalikuwa yameota mpaka mbele ya altare. Katekista, mzee aliyewafundisha mama na ndugu zake wote, alikuwa amekaa mlangoni akisuka kikapu, kana kwamba bado kuna mlango wa kulinda. Alitueleza kwamba padri alikimbia, kwamba askari waliondoka na kengele, na viti wakavifanya kuni. Mama akamwuliza juu ya mabati. Mzee aliinamia kikapu chake.

“Muulize ndugu yako,” alisema.

Nyumba ya tonton haikuwa mbali. Tuliyajua mabati yale kabla ya kufika: yalikuwa marefu kupita nyumba yenyewe, na matundu ya misumari ya zamani yalikuwa yamezibwa kwa lami. Tonton alitoka akitabasamu, akamwita mama yaya, dada yake mkubwa, akampa pole ya msiba, akaagiza watuletee lituma, ndizi za kuponda, na samaki. Mama hakuketi. Alimwuliza pale pale uani, watoto wa tonton wakisikiliza.

Tonton hakukana. Alisema askari wangeyabeba nayo, kwa hiyo aliyatoa kabla wao hawajayatoa.

“Ungeyaficha,” mama alisema. “Hukuyaficha. Unalala chini yake.”

“Mvua hainyeshei Mungu, yaya. Inanyeshea batoto yangu.”

Niliwatazama wale watoto. Mmoja alikuwa anakohoa, na nyumba yao ya zamani, ya majani, ilikuwa imeanguka kando. Lakini mama alijua kitu ambacho watoto wale hawakukijua: tonton alilelewa nyumbani kwetu, papa alimsomesha kama mwanawe, na papa alipokufa, hakuleta hata salamu. Mama alichukua mfuko wa chumvi aliokuwa ameuweka chini, akageuka. Lituma ililetwa tukiwa tumeshaondoka.

Chumvi alimpa katekista. Mzee alikubali kutusomea sala za marehemu, kwa kuwa misa hakuweza. Tulipiga magoti kwenye majani, tukawasha mishumaa, na mvua ikaizima kabla ya zaburi kuisha. Kitabu kilipoanza kulowana mzee alikifunga, akaendelea kwa kichwa, akiruka mahali na kurudi.

Tulirudi kwa njia ile ile, maji sasa yakitufika mapajani. Mama hakunionyesha kitu tena. Tulipofika barabarani alisema tu, bila kunitazama, “Na papa yako alimupenda sana.”

Vita vilipokwisha, kanisa lilitengenezwa. Mama alizeeka akingojea, na katekista alikuwa ameshakufa. Siku ya kulifungua tulikwenda kwa barabara, kwenye gari, viatu miguuni. Tonton alikuwa amekaa mbele kabisa. Alikuwa amefanya biashara, akanunua mabati mapya ya nyumba yake, na yale ya zamani aliyarudisha, yaliyobaki mazima. Padri mpya, mgeni, alimwita asimame, akamshukuru mbele ya watu wote kwa kuilinda mali ya kanisa wakati wa hatari. Wakampigia makofi, wakamvika kitenge. Mikono ya mama ilibaki juu ya magoti yake.

Baadaye tonton alikuja kumsalimia, na mama akampa mkono, kwa sababu watu walikuwa wanatazama. Papa alisomewa misa yake siku hiyo, pamoja na marehemu wengine wote wa vita, kwa mkupuo mmoja. Padri alikosea jina lake. Hakuna aliyemsahihisha.