Oili Ilikuwa Sawa

Hadi leo, fundi akifungua injini karibu nami, harufu ile nzito ya oili hunitia hasira kabla sijajua nakasirikia nini. Kisha nakumbuka asubuhi ya Idi, Walukuba, mtaa wetu wa Jinja: nimeshikilia usukani wa pikipiki kwa mikono miwili, na baba amepiga magoti, anapima oili tena.

Miezi michache kabla ya hapo mama alikuwa ameondoka kwetu Jinja akarudi kwa wazazi wake Nakaloke, ukishapita mji wa Mbale. Waligombana na baba. Hakuna aliyenieleza kwa nini. Mama aliongea nami kwa simu ya Haboba, yaani bibi mzaa baba, lakini simu za baba hakuzipokea. Basi baba aliposema kwamba siku ya Idi tungekwenda kumwona, nilimpigia mama kumwambia, na usiku wa kuamkia siku hiyo nililala na viatu vyangu vipya miguuni.

Stendi kubwa ya pikipiki yetu ilikuwa imevunjika. Ukiitegemeza kwa ile ya pembeni inalala upande, na oili nayo inalala upande, kipimo kinadanganya. Ilibidi mtu aishike wima, na mtu huyo nilikuwa mimi. Baba alifungua kifuniko chenye kijiti cha kupimia, akakifuta kwa kitambaa, akakitumbukiza bila kukikaza, akakitoa, akakiinua kwenye mwanga. Oili ilifika katikati ya zile alama mbili. Hata mimi niliiona.

"Iko sawa, baba."

"Injini baridi hii. Tupime tena."

Akaiwasha, akaizima, tukangoja oili ishuke. Sawa. Akasema uwanja umeinama. Tukaisukuma hadi mlangoni pa jikoni, penye saruji. Sawa. Akasema kitambaa kina vumbi, akaenda kutafuta kingine. Mabega yalikuwa yananiuma, gauni langu la Idi limeshapata doa jeusi kiunoni, na majirani waliotoka kuswali walipita wakitupa salamu, wakienda zao kula. Nikaanza kulia, kile kilio cha hasira kisicho na machozi mengi.

Haboba akatoka na mwiko mkononi.

"We Juma, unapima oili ama unaiombea dua? Peleka mtoto kwa mama yake!"

Tukaondoka jua limeshakuwa kali. Iganga akasimama, tukapima. Mbele, kwenye mashamba ya mpunga, akasimama tena, nikaishika pikipiki huku malori yakinimwagia vumbi. Tulipofika Malukhu, mwanzo wa mji wa Mbale, akapunguza mwendo. Nikamwambia akisimama nitashuka niende kwa miguu. Hakusimama.

Mama alinikumbatia mlangoni na doa langu na vumbi langu, akaniketisha kwenye mkeka, akanipa wali na nyama. Baba hakuingia. Alisalimiana na babu pale nje, akasema injini imepata moto, angoje ipoe apime oili. Mama akajaza sahani, akanituma nimpelekee.

"Babu anasema uingie," nikamwambia.

"Nakuja."

Hakuja. Nilikuwa nimejipangia kwamba tungerudi Jinja watatu, mimi katikati. Alasiri nikapanda nyuma yake, tukarudi wawili.

Tulikuwa tumeshauacha mji wa Mbale aliponiuliza, bila kugeuka, "Mama yako alivaa nini?"

Nikamfokea mgongoni: "Si ungeingia umwone?"

Upepo ukavuma mwendo mrefu. Kisha akauliza, "Ile gauni ya kijani?"

"Ya kijani."

Akaitikia kwa kichwa, hakuuliza tena.

Mama alirudi mwenyewe, baadaye sana, na teksi, na nyumbani hakuna aliyelizungumza. Miaka mingi niliisimulia safari ile kama siku ambayo baba aliniharibia Idi kwa ubishi wa oili. Ilinibidi niolewe, ninune na ninuniwe, ndipo nikaelewa kwamba yeye alijua oili iko sawa tangu alipoichungulia mara ya kwanza. Asichokijua ni angepokewaje mlangoni pale.

Juzi nilimwuliza mama kuhusu gauni lile. Baba ndiye aliyemnunulia, akasema. Asubuhi ile mama alivaa nguo akavua, akavaa nyingine akavua, mpaka akalichagua lile la kijani. Na siku nzima alikaa nalo ndani, akisikiliza nje, akingoja baba abishe hodi.