Kijiko cha Bi Shibe

Jina la Bi Shibe alibandikwa na watoto wa shule, enzi alipokuwa mpishi wao, maana hakujua kupakua nusu sahani. Alipoachana na sufuria aliajiriwa kwenye maabara ya mwani. Juu ya paa palikuwa na matangi sita ya kioo, maji yake kijani kibichi kwa mwani mdogo mno usioonekana kwa macho. Yeye aliyasafisha, akapima joto na kuulisha mwani mbolea. Aliipenda kazi hiyo kupita kiasi, na hapo ndipo mambo yalipoharibikia.

Mtafiti, binti mwembamba wa rika la kitinda mimba wake, alikuwa amemweleza mapema. "Mama, mwani ukishiba unaongezeka tu. Ukinyimwa mbolea siku saba, unaanza kujiwekea mafuta. Sisi tunayataka hayo mafuta."

"Sawa, mwanangu," alijibu, na moyoni hakukubali hata chembe.

Mavuno ya kwanza yalitoa mafuta kiduchu. Ya pili, vilevile. Wakubwa wakasema ya tatu yakiwa hivyo, utafiti unafungwa. Asubuhi moja Bi Shibe alimkuta binti ameketi juu ya ndoo iliyofudikizwa, macho mekundu, chai yake imepoa.

"Nimerudia vipimo vyote, mama. Kosa ni langu na silioni."

Bi Shibe akavuta ndoo nyingine, akakaa.

"Si lako. Zile siku saba za njaa, kila asubuhi kabla hujafika nilikuwa natia mbolea kijiko kimoja kila tangi. Mwani ulikuwa unapauka, mwanangu. Ningefanyaje?"

Binti alimkazia macho. "Kijiko cha chai?"

"Cha kupakulia."

Binti alicheka mpaka akalia upya. Bi Shibe akamkabidhi ufunguo wa kabati la mbolea. "Kaa nao. Mimi sijiamini."

Siku saba alisugua vioo huku ametazama pembeni. Kijani kikageuka manjano, naye kila jioni aliuomba mwani radhi kimoyomoyo. Siku ya nane mafuta yalipatikana mara tatu ya mwanzo, na habari ya kufunga ikafa hapohapo.

Binti alimrudishia ufunguo, akamwonyesha tangi jipya, dogo. "Hili ni la mbegu, la kuzalisha mwani wa matangi mengine. Halitakiwi kulala njaa hata siku moja. Ni lako."

Bi Shibe alitia ufunguo mfukoni, akafungua mkebe wake wa chakula na kumsogezea.

"Nitalilisha," alisema. "Kula wewe kwanza."