Nabintu na karatasi iliyowekwa pembeni

Kosa ambalo wengi wetu tunalifanya hospitalini ni kudhani kwamba karatasi ya laboratoire, yaani maabara, ikishafika mezani kwa daktari, basi imesomwa.

Rafiki yangu Nabintu hakulifanya. Mimi ndiye niliyelifanya, na nusura yeye na mtoto wake wafe kwa sababu yangu.

Jana asubuhi mdogo wake alinipigia simu kutoka mtaa wa Nyalukemba. "Yaya, dada yangu, Nabintu ametuacha." Nilibaki nimeshika simu kama mtu anayengoja aambiwe wamekosea. Akili bado inakataa. Jumapili tu tulikuwa tunachambua maharagwe pamoja, naye ananicheka kwa miwani yangu.

Sijui kusifu marehemu. Nilikuwa mwalimu, najua kueleza tu. Basi niwaeleze.

Tulikuwa vijana, tukifundisha shule moja ya msingi hapa Bukavu, wakati nchi yetu ikiitwa Zaïre. Ninyi mliozaliwa baadaye mjue hivi: serikali ilikuwa imetukataza majina ya ubatizo. Jeanne akawa Nabintu kwenye kitambulisho, kazini, kila mahali. Jina la zamani ulilitamka nyumbani, mlango ukiwa umefungwa.

Mimba yake ya kwanza ilifika mwezi wa nane. Miguu ikavimba, kisha uso. Kichwa kikamuuma siku tatu, akasema anaona nyota mchana.

Nikamsindikiza hospitali. Chombo cha kupimia tension, msukumo wa damu, kilikuwa kimeharibika wiki ile. Tegemeo lilikuwa kipimo cha mkojo, ambao tuliupeleka laboratoire siku iliyotangulia.

Daktari alikuwa mmoja kwa wagonjwa wote, na gari lilimngoja nje kumpeleka Kalehe. Aliangalia miguu, akamwita citoyenne, yaani mwananchi, kama tulivyoamriwa kuitana. "Kuvimba ni kawaida, citoyenne. Upunguze chumvi. Utarudia mwezi ujao."

"Na résultat, majibu ya laboratoire?"

"Yako haijafika."

Tukatoka. Lakini mimi nilikuwa nimeiona. Ilikuwa mezani, pembeni, peke yake, na juu yake imeandikwa Jeanne. Mzee wa laboratoire aliimba kwaya na Nabintu tangu utoto. Mkono wake uliandika jina ulilolizoea.

Nikamnong'oneza. Akasimama palepale.

Hapo ndipo nilipokosea. Kwenye benchi la ukumbini aliketi mtu wa chama kilichotawala nchi, beji kifuani, aliyejulikana kwa kupeleka majina ya watu kwa wakubwa. Nikamvuta Nabintu kitenge. "Nyamaza. Tutarudia kesho, huyu mutu akisha kwenda. Na daktari ameiona ile karatasi, anajua kazi yake."

Akanigeukia na uso ule uliovimba. "Weye unafundisha watoto sayansi, na unaogopa beji? Kesho iko mbali, dada."

Daktari alikuwa tayari anatoka na mfuko wake. Nabintu akasimama katikati ya mlango, tumbo mbele. Hakuna aliyeweza kupita.

"Docteur, ile karatasi ku meza yako iko yangu."

"Haiko yako. Ile iko ya..." Akatazama benchi.

"Sema tu."

Akashika mfuko wake kwa mikono miwili. Nikasikia injini ya gari nje. Nilikuwa najiuliza nani atanipa kazi nikifukuzwa. Naona aibu kuliandika hilo, lakini ndivyo ilivyokuwa.

"Jeanne ni mimi," akasema kwa sauti yake ya darasani. "Nilibatizwa vile. Kama wanataka kuniandika, waniandike. Weye soma karatasi yangu. Sitoki hapa."

Mtu wa chama akakohoa. Kisha akageuza uso dirishani. Mpaka leo sijui kwa nini.

Daktari akarudi mezani, akaisoma akiwa amesimama. Albumine, misalaba minne, kipimo cha juu kabisa.

Niwaeleze. Albumine ni kitu kinachofanana na ute mweupe wa yai. Mwili unakihitaji, haupaswi kukimwaga kwenye mkojo. Mama mwenye mimba akikimwaga hivyo, huku amevimba na kichwa kinamuuma, anaweza kuanguka kifafa saa yoyote.

Daktari akaweka mfuko chini. "Mutafute kitanda," akamwambia muuguzi. Gari la Kalehe likaenda bila yeye.

Baadaye akamwuliza Nabintu polepole, "Juu ya nini haukusema lile jina tangu mbele?"

"Niliogopa, Docteur. Na weye, juu ya nini haukuuliza?"

Daktari akaikunja ile karatasi, akaikunjua tena. "Hata mimi niliogopa kuita lile jina mu ukumbi."

Siku tatu zilizofuata mlango ukigongwa nilishtuka. Nilidhani ni chama kimekuja kunichukua, au ni habari mbaya kutoka hospitali, na sikujua nianze kuomba lipi lisitokee.

Siku ya nne akazaa. Kitoto kidogo mno, wakakizungushia chupa za maji ya moto. Kikalia! Leo ni mzee mwenye mvi kwenye ndevu.

Tangu hapo Nabintu hakutoka kwa daktari bila kusomewa. Mwezi uliopita alikuwa na daktari kijana, akamwambia, "Soma tena, mwanangu. Na huku nyuma wameandika nini?" Kijana akacheka, akasoma na huku nyuma. Karatasi ilisema moyo wake umechoka. Alielezwa yote, akauliza yote. Safari hii hakuna kilichosahaulika, na ni hilo tu linalonituliza kidogo.

Dada yangu, sikuwahi kukuomba msamaha kwa siku ile niliyokuambia unyamaze. Nilidhani muda bado upo. Nisamehe. Pumzika kwa utulivu, umetulinda vya kutosha.

Na wewe unayesoma: kama nyumbani una karatasi ya kipimo ambayo hakuna aliyekueleza, ipeleke leo kwa daktari, na usiondoke kabla hajaisoma mbele yako.