Gego la Mashimba Ukweni Sapiwi

Mashimba, fundi seremala wa Bariadi mjini, alikuwa mtu wa sauti. Mteja akiuliza kama kitanda kitadumu, yeye hupanda juu yake na viatu, akarukaruka. Mezani ndiyo usiseme, hakuna mfupa uliomshinda, na ukweni kwake Sapiwi walimsifu kwa hilo tangu alipooa. Kwa hiyo gego lake la mwisho lilipoota upande upande na kumvimbisha taya, alilificha. Alitafuna upande mmoja, akameza vidonge vya dukani, hadi asubuhi moja mdomo ukakataa kufunguka hata mswaki usiingie.

Mkewe Milembe akampeleka kwenye kliniki ya meno. Daktari alikuwa dada mmoja mpole aitwaye Winnie, lakini kazi yenyewe haikuwa ya upole: fizi ilipasuliwa, jino likatoka vipande vipande. Alipomaliza alimng'atisha gozi, kile kitambaa cheupe cha kufunikia kidonda, akaongea naye taratibu.

"Baba, kwenye hilo tundu damu itaganda. Hilo donge ndilo linalofunika kidonda, usilitoe. Leo usisukutue, usiteme mate, usifyonze kitu, hata juisi kwa mrija. Kula vitu laini vilivyopoa: uji, maziwa, viazi vya kuponda. Kesho ndiyo uanze maji ya uvuguvugu yenye chumvi, uyaache tu yatembee mdomoni. Nyama, vya moto sana, pombe, sigara, viache mpaka kidonda kianze kufunga. Damu ikirudi, ng'ata gozi safi, utulie."

Akampa Milembe gozi za akiba. Mashimba aliitikia kwa kichwa, lakini mawazo yake yalikuwa Sapiwi. Kesho yake ilikuwa Jumapili, na mdogo wake Milembe alikuwa anapata kipaimara.

"Nimpigie mama nimwambie?" Milembe aliuliza walipofika nyumbani.

"Umwambie nini? Kwamba mkwe wake anakuja kunywa uji kama mtoto? Usithubutu."

Baada ya misa, baba mkwe wake, mzee Ngeleja, alimwita akae karibu naye, katikati ya wanaume. Nyama ya mbuzi ikaletwa, ugali, na supu inayofuka moshi. Mashimba alishika kipande akawa anakigeuza tu mkononi.

"Vipi, mkwe?" Ngeleja alisema kwa sauti. "Leo nyama yetu imekuwa mbaya?"

Watu wakacheka. Ulikuwa utani, ila Mashimba aliusikia kama mashtaka. Mzee akachagua mfupa mnono wenye uboho, akampa kwa mikono miwili. Angeukataaje? Alianza na supu, akaona haiumi. Akapata moyo. Akaweka mfupa mdomoni, akafyonza kwa nguvu.

Kitu kikachomoka kule nyuma ya taya, na mdomo ukajaa ladha ya chumvi. Akameza. Ukajaa tena. Alipojaribu kumjibu jirani yake, damu ilimtoka ikateremka kidevuni hadi kwenye shati jeupe. Alikimbilia pembeni ya ua akatema, na kila alipotema ndivyo ilivyozidi. Mtu mmoja akauliza kwa Kisukuma kama mkwe anaumwa kifua.

Hapo ndipo Felisita, mama mkwe wake, alipotoka jikoni. Miaka yote ya ndoa Mashimba hakuwahi kukaa naye mkeka mmoja. Alimsalimia kwa mbali, macho chini, kama inavyompasa mkwe. Sasa mama huyo alimkalisha kwenye kigoda, akachukua gozi mkononi mwa Milembe.

"Fungua mdomo, baba."

Mashimba akatikisa kichwa.

"Fungua."

Akafungua. Felisita akaweka gozi pale kwenye tundu. "Ng'ata. Usiteme tena." Akamshikilia kidevu kwa kiganja chake, mbele ya wageni wote, mpaka damu ikapungua. Mashimba alifumba macho. Masikio yalimwaka kwa aibu. Alitamani ardhi ipasuke immeze.

Damu iliposimama, Felisita aliingia ndani akarudi na bakuli lililofunikwa. Ndani mlikuwa na viazi vitamu vilivyopondwa kwa maziwa, vimepoa kabisa.

"Nilikuwekea tangu asubuhi," alisema, uso ameshaugeuzia pembeni. "Milembe aliniambia, ila akasema hutaki watu wajue. Nikangoja uombe."

Ngeleja alikuwa bado amesimama. "Na mimi nikakusukumizia mfupa! Ungesema tu, mwanangu. Sasa watu watasema nimemtoa mkwe wangu damu." Hakuwa anacheka. Mashimba akaelewa kwamba amemwaibisha mzee nyumbani kwake, siku ya sherehe ya mtoto wake. Hilo lilimuuma kuliko jino.

Siku chache baadaye yalikuja maumivu mengine, ya kupanda hadi sikioni, na mdomo ukaanza kunuka. Wakarudi kwa Winnie.

"Ulikula nini, baba?"

"Uji."

Milembe akatazama ukuta.

"Mfupa," Mashimba alisema hatimaye, kwa sauti ndogo.

Winnie hakumgombeza. Alisafisha tundu, akaweka dawa, akampangia siku ya kurudi. Afadhali angemgombeza.

Safari hii Mashimba alitii. Kwenye karakana yake alikunywa uji uliopoa, akala ndizi mbivu na mayai laini, akitafuna upande wa pili. Wateja walipouliza juu ya shavu, mwanzoni aliwaambia amepigwa na ubao. Baadaye alichoka kudanganya.

Alipopona alikwenda Sapiwi bila kualikwa. Alimkuta Ngeleja kibarazani akichambua pamba. Akakaa chini, akavuta fungu lake.

"Baba, siku ile niliwaharibia sherehe. Niliona aibu kusema naumwa."

"Aibu ya nini, kwa jino?"

Kutoka mlango wa jikoni, sauti ya Felisita ikasikika ikimsalimia kwa Kisukuma. "Mwadila, baba. Umepona?"

"Mwadila, mayu. Nimepona."

Alitaka kuongeza asante kwa vile viazi. Badala yake akainamia ile pamba, akaendelea kuchambua.