Wakala Amekataa

Neno "huria" lilifika Newala kabla ya kompyuta. Lilikuja juu ya malori, pamoja na wanunuzi wa korosho na mizani yao, tukaelezwa kwamba sasa soko ni huria: mnunuzi yuko huru kununua na mkulima yuko huru kuuza. Wazazi wangu hawakupata muda wa kuufaidi uhuru huo. Walifariki wakifuatana, mimi nikiwa darasa la sita, na kwa kuwa mimi ndiye niliyekuwa mkubwa niliachiwa wadogo zangu, mikorosho, na wakala aliyekuja kutupa pole akiwa na kangomba mkononi. Kangomba ni kopo la kupimia korosho. La kwake lilikuwa limegongwa kitako kutoka ndani mpaka kikatokeza tumbo chini, ili nalo liwe huru zaidi.

Kwa hiyo miaka mingi baadaye, kitinda mimba wetu aliponiambia kwamba tunahitaji programu huria, nilitafuta kwanza pa kukaa.

Wakati huo nilikuwa na kibanda karibu na stendi. Niliuza madaftari na kalamu, na nilichapa barua za watu kwa taipureta ambayo herufi yake ya "r" ilikuwa imekatika, hivyo kila mheshimiwa wa Newala aliyeandika "ripoti" alipeleka "ipoti". Wadogo zangu wengine walikuwa wameshaoa na kuolewa. Kitinda mimba alikuwa amemaliza kidato cha nne, akaenda Masasi kusomea kompyuta, akarudi na cheti kizuri chenye picha ya kompyuta pembeni. Hiyo picha ndiyo kompyuta pekee tuliyokuwa nayo nyumbani, mpaka nilipopata laptopu kuukuu ya mradi fulani kule Mtwara. Mradi ulikuja kutuondolea umaskini, ukamaliza muda wake kabla ya umaskini kumaliza wa kwake, basi ukauza vitu vyake.

Laptopu yenyewe ilizungumza Kiswahili. Mdogo wangu alieleza kwamba mfumo wake ni huria, umetengenezwa na watu wanaojitolea duniani kote, na kuna wengine wamejitolea kuutafsiri. Nilifurahi. Kilichonikera ni kwamba watafsiri hao, naamini kabisa, hawajawahi kuuza korosho.

Mwalimu mkuu wa sekondari moja ya wasichana alikuwa anatafuta karani. Waombaji walikuwa na vyeti vinavyofanana, hata picha ya pembeni ilikuwa ile ile, basi akaamua kuwapima kwa kazi. Kila mmoja alipewa mitihani ya muhula ndani ya flashi, aipange vizuri, airudishe Ijumaa. Atakayeleta kazi safi atapewa meza, mshahara, na chumba nyuma ya ofisi ya walimu. Katika ukoo wetu hakuna aliyewahi kupokea mshahara. Tulishapokea ahadi, rambirambi na mbegu za ruzuku. Niliitaka ile meza kuliko yeye mwenyewe alivyoitaka, na alikuwa akijua.

Tatizo likawa moja. Watu wa mradi, walipofuta siri zao kwenye laptopu, walifuta na programu ya kuandikia. Mdogo wangu alisema hilo si neno: programu za bure zinakaa kwenye ghala huko mtandaoni, unachomeka modemu, unaagiza, inashuka yenyewe. Akachomeka. Akaagiza. Kioo kikafikiri kwa muda mrefu, kikajibu kwa maandishi mekundu, naye akayasoma kwa sauti:

"Imeshindwa kulifikia ghala. Wakala amekataa."

Mama mdogo wetu, mdogo wake marehemu mama, alikuwa amekaa mlangoni akichambua mbaazi, kama alivyokaa kila siku kusikiliza mambo ya watu. Akanyanyua kichwa.

"Wakala gani? Yule wa hapo stendi?" Akarudi kwenye mbaazi zake. "Nilijua tu. Yule hata kaburi angelichimba kwa kangomba."

Msomaji atacheka, na acheke. Lakini atuelewe. Kwetu ghala ni ghala la chama cha ushirika, korosho zinapopelekwa kusubiri mnada, na wakala ni yule anayesimama kati yako na hilo ghala. Na yule wa stendi alikuwa ndiye yule yule wa pole na kopo. Serikali ilipokataza kangomba na kuamuru korosho zote ziuzwe kupitia ghala hilo, alifungua meza ya vocha na laini za simu. Laini iliyokuwa kwenye modemu yetu tuliinunua kwake. Maandishi yalisema wakala amekataa, wakala tulikuwa tunamfahamu, na kukataa ilikuwa tabia yake. Ningetafuta maelezo gani mengine? Nilijifunga khanga kiunoni nikamfuata.

Nilimkuta na wateja kadhaa. Nilimuuliza mbele yao kwa nini amemkataa mdogo wangu.

Akaweka vocha chini. "Dada, mimi sijamposa mdogo wako. Nitamkataaje?"

Wateja walicheka mpaka mmoja akashika mguu wa meza. Mmoja akaniuliza kama mahari ilishapokelewa. Nilipomweleza wakala kuhusu maandishi mekundu hakukasirika. Uso wake ulichukua ile huruma niliyoikumbuka tangu msibani. Alisema tatizo ni mtandao. Siku zile kila kitu kilikuwa mtandao: benki haitoi, mtandao, hospitali hawaoni jina lako, mtandao, mume hajarudi nyumbani, pengine naye mtandao. Dawa yake, alisema, ni kununua kifurushi kikubwa zaidi, ambacho kwa bahati alikuwa nacho. Halafu twende ukingoni, pale uwanda wetu unapokatika kuelekea bonde la Ruvuma, kwa sababu pale mtandao umejaa.

Hakusema uongo. Tuliifunga laptopu kwenye khanga kama mtoto, tukaenda ukingoni asubuhi na ukungu wake, na mtandao ulijaa mpaka juu. Ulikuwa wa Msumbiji. Ulitukaribisha kwa Kireno, kwa heshima zote, ukala kifurushi chote kabla hatujaelewa salamu. Mdogo wangu alipofanikiwa kuirudisha modemu kwenye mtandao wa nyumbani, kwa salio nililolihamisha kutoka kwenye simu yangu, ghala likajibu vile vile. Wakala amekataa. Kwa hiyo kwenye laini palikuwa pazuri, kwenye mawimbi palikuwa pazuri, hata nchi jirani ilikuwa na upendo. Aliyekataa alikuwa wakala peke yake.

Tulimpigia mwalimu wake wa kompyuta kule Masasi. Alisikiliza kwa subira, akasema tatizo linaweza kuwa mfumo, au modemu, au seva, au mtumiaji. Alisema ni vyema kufuta kila kitu na kuanza upya, na kwamba tumletee Jumamosi. Mdogo wangu alimkumbusha kwamba mitihani ni Ijumaa. Akasema basi tatizo ni muda.

Alhamisi mchana mdogo wangu alikuwa amekaa mbele ya laptopu, machozi yanashuka bila sauti. Hajawahi kulia kwa sauti. Alijifunza hivyo akiwa mdogo, ili asiniamshe. Nilimwambia nitakwenda mwenyewe kwa mwalimu mkuu kumwomba siku moja zaidi. Akasema, "Dada, wenzangu watapeleka kesho. Ukiniombea, nitakuwa yule aliyeombewa."

Nilikuwa nimeshajifunga khanga kiunoni, nikaifungua. Alikuwa amesema kweli, na mimi ndiye niliyemlea hivyo.

Mama mdogo alikuwa na lake la kusema. Muda wote huo alikuwa bado anaamini kwamba tunahangaikia korosho, na kwamba tunamficha.

"Sasa ninyi," alisema, "kwani kufika ghalani ni lazima mpite kwa wakala? Siku hizi si watu wanapeleka wenyewe?"

Nilitaka kumwambia aendelee na mbaazi. Lakini mdogo wangu alikuwa ameacha kulia. Alimtazama, akakitazama kioo, akaanza kufungua kurasa za mipangilio ambazo sikuwahi kuziona, moja ndani ya nyingine, kama mtu anayepekua sanduku la marehemu. Kwenye ukurasa wa mtandao palikuwa na kisanduku chenye alama ya vema: "Pitia kwa wakala." Chini yake palikuwa na anwani ya ile ofisi ya mradi Mtwara.

Alinifafanulia polepole. Wakati wa mradi, laptopu zao zote zilikuwa zinatoka kwenda mtandaoni kupitia mashine moja ya ofisini, na mashine hiyo ndiyo inayoitwa wakala. Ofisi ilishafungwa, mashine ilishauzwa, lakini laptopu yetu haikuambiwa. Kila tulipoagiza programu, ombi letu lilikwenda kwanza kupiga hodi Mtwara, likakuta mlango umefungwa, likarudi na jibu. Chini kabisa palikuwa na maneno mengine: "Unganisha moja kwa moja."

Nilimwambia ayasome tena. Maneno hayo nimeahidiwa tangu utoto, na kila waziri wa kilimo aliyepita, na hakuna aliyenionyesha pa kubonyeza.

Akaondoa alama kwa wakala. Akaagiza upya. Mstari mwembamba ukaanza kujaa, taratibu, kama lori la korosho kwenye barabara ya Masasi wakati wa mvua, unakwama, unatetemeka, unasogea. Sisi watatu tulikaa tukiutazama. Mama mdogo aliuliza korosho huko ghalani zinapokelewa kwa bei gani.

Ijumaa mdogo wangu alipeleka mitihani ikiwa safi, na kila "r" ikiwa mahali pake. Mwalimu mkuu aliipekua, akamuuliza anaweza kuanza lini. Nilimsindikiza na godoro lake kichwani mwangu mpaka kwenye kile chumba nyuma ya ofisi ya walimu, nikaiona meza. Ilikuwa meza ya kawaida, mguu mmoja umewekewa gogo. Niliikalia kidogo alipokwenda kuchota maji.

Mama mdogo naye alikuwa ameshaitangaza habari kwa namna yake: kwamba mtoto wa dada yake amemwondoa wakala. Hakusema wapi. Msimu ulipofunguliwa, wakulima wawili walikuja kibandani kuniuliza kwa heshima zote kama yule binti wa kompyuta anaweza kuwafanyia na wao. Niliwaambia yupo shuleni, ameajiriwa, na kwamba mashine yake inaondoa wakala mmoja tu, tena aliyeshafunga ofisi.

Walishukuru, wakavuka barabara wakampelekea wakala wa stendi korosho zao, kwani ghala huchelewa kulipa. Alikuwa ameshalitoa kopo lake chini ya meza ya vocha.