Kambare wa Baba Neema

Juzi sokoni Ndanda, muuza nyanya aliniita Mama Baraka, na Rehema, binti yangu wa pili, akakunja uso. Uso ule naujua. Nilikuwa nao mimi utotoni, mchana mmoja ndani ya pori la akiba.

Baba alikuwa mpishi kwenye kambi ya wawindaji, akatuchukua mimi na dada yangu Neema tukauone mto Ruvuma. Kambi ilinukia moshi wa nyama. Kila tuliyempa shikamoo aliitikia marahaba, kisha akamgeukia baba: "Habari za nyumbani Chiwata, Baba Neema?" Mimi niliamini kwamba baba huitwa kwa jina la mtoto anayempenda zaidi, na kwamba nikifanya jambo kubwa ataitwa kwa langu.

Tulipovua mtoni, ndoana yangu ndiyo iliyonasa kambare. Nilimvuta mwenyewe, tope mpaka viwikoni, huku Neema ameshika viatu vyetu visilowe. Askari wa wanyamapori akaja kumtazama samaki, akatabasamu.

"Hongera, Baba Neema. Leo mtakula."

Nikamsukuma kambare kwa mguu mpaka akarudi majini.

"Esta, mwanangu, kwa nini?" baba aliuliza.

"Neema avue wake."

Siku hizi najua kwamba jina hufuata kifungua mimba tu, mapenzi hayamo. Najua vizuri. Lakini pale sokoni sikumweleza Rehema hayo. Nilipokea nyanya zangu, nikamwambia muuzaji, "Leo niite Mama Rehema."