Zamu Yangu Walukuba

Mafunzo ya kujitolea kuwahudumia wagonjwa wasiopona niliyapata Mbale, wiki nzima, nikarudi Jinja nikijiona nusu daktari. Nyumba ya kwanza niliyopangiwa ilikuwa mtaa wa Walukuba, kwa askari magereza mstaafu mwenye saratani ya tumbo. Mkewe alikuwa hajalala vizuri kwa siku nyingi. "Mama, nenda ukapumzike," nikamwambia kwa sauti nzito. "Leo zamu ni yangu."

Kabla ya kwenda kulala usiku huo alinipa posho, ugali wa huku kwetu, na maharage. Mafunzoni tulikatazwa kula chakula cha wenye mgonjwa. Nilikula, nikaongezwa, nikala tena, kisha nikaketi kando ya kitanda na kuukunja uso kwa huruma.

Nilipozinduka, blanketi lilikuwa limenifika kidevuni. Lilikuwa la mgonjwa. Yeye mwenyewe alikuwa ameketi, ameegemea mto, macho kodo, akinitazama kama askari aliyewekwa kulinda lango.

"Afande, samahani sana," nikasema.

"Dawa ya saa nane nimekunywa mwenyewe," akajibu. "Wewe unakoroma tangu saa saba."

Asubuhi, mlangoni, nilimwomba mkewe radhi, nikitegemea kufukuzwa.

"Urudi Alhamisi," akasema. "Tangu augue, kila mtu anamlinda yeye. Leo na yeye amepata kumlinda mtu."

Alhamisi nilifika nimelala vya kutosha, niko macho kabisa. Mzee alinikagua, akaguna, akamwita mkewe aniletee posho.